Kiti Kisichorithiwa: Walenisi ya Katama Mkangi na Swali la Urithi wa Madaraka

Utangulizi

Riwaya ya Walenisi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995, imezoeleka kusomwa kwa njia mbili. Wako wanaoiona kuwa ni njozi ya usawa, yaani picha ya nchi njema ambayo haipo na pengine haitakuwapo. Wako pia wanaoiona kuwa ni ilani ya kisiasa iliyovishwa vazi la hadithi, na ambao huitafutia humo orodha ya mambo ya kutekelezwa. Usomaji wa kwanza huipuuza siasa ya riwaya. Wa pili huipuuza sanaa yake. Makala haya yanashika njia ya tatu. Yanauliza swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: pale jamii inapokuwa imekwisha kushinda dhuluma na kujenga usawa, ni nani anayerithi madaraka, kwa utaratibu gani, na ni nani mwenye haki ya kusahihisha makosa ya waliotangulia?

Swali hili si la kubuni. Ndilo lililozitesa nchi zote zilizojiita za kijamaa au za kikomunisti katika karne ya 20. Lenin alifariki mwaka 1924 akiwa ameacha maandishi ya kuwaonya wenzake juu ya Stalin, na maandishi hayo hayakuzuia lolote. Mao alifariki Septemba 1976, na kabla mwezi mmoja haujatimia mjane wake na washirika wake watatu walikuwa wamekamatwa. Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika historia hiyo, na ni katika sura hiyo, si katika Moscow wala Beijing, ambamo riwaya ya Mkangi inapaswa kuwekwa.

Katama Mkangi alikuwa mwenyeji wa Kilifi, mwanasosholojia kwa taaluma, na mtunzi wa riwaya za Ukiwa (1975) na Mafuta (1984) kabla ya Walenisi. Mwaka 1986, katika msako wa serikali ya Kenya dhidi ya waliotuhumiwa kuwa na uhusiano na kundi la Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya, na alifariki mwaka 2004. Huyu, basi, ni mwandishi ambaye suala la kukabidhiana madaraka halikuwa mada ya kitabuni tu. Alilipia kwa uhuru wake, kisha akaliendea kwa kura.

Lau, -nge- na -ngali-

Kabla ya kuendelea, yafaa dhana ya historia mbadala ifafanuliwe. Kwa maana yake finyu, historia mbadala ni utungo unaochagua nukta moja ya wakati uliopita, ukaigeuza, kisha ukafuata matokeo ya mgeuzo huo hatua kwa hatua. Fulani asingalikufa, fulani angalirithi. Vita hivi visingalipiganwa, mkataba ule usingalitiwa saini. Fasihi za Ulaya na Marekani zina hazina kubwa ya tungo za namna hii. Fasihi ya Kiswahili ina chache mno.

Uchache huo hauwezi kuelezwa kwa udhaifu wa lugha. Kiswahili kina neno lau, na kina viambishi ambavyo sarufi ya kimapokeo imevitenga kwa uangalifu: -nge- kwa sharti ambalo bado linaweza kutimia, na -ngali- kwa sharti ambalo wakati wake umepita na mlango wake umefungwa. Ingawa wazungumzaji wengi huvichanganya, tofauti hiyo ina faida kwa mhakiki. Historia mbadala ni fasihi ya -ngali-. Humwambia msomaji kwamba lililopotea limepotea, ila linaweza kutazamwa. Riwaya ya nchi ya kubuni, kama Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) au Walenisi yenyewe, ni fasihi ya -nge-. Humwambia msomaji kwamba mlango haujafungwa. Swali la kuuliza ni kwa nini waandishi wa Kiswahili wameikimbilia -nge- na kuiacha -ngali-.

Kosa la kuwazia

Sehemu ya jibu iko katika sheria. Mwaka 1976, Rais Jomo Kenyatta alipokuwa mzee na baadhi ya wanasiasa wakidai katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja pindi Rais akifariki, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo ambalo wanafasihi wangestahili kulikumbuka kuliko wanasiasa. Alikumbusha kwamba, kwa mujibu wa sheria ya uhaini, kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Onyo hilo lilitolewa Oktoba 1976, mwezi uleule ambao warithi wa Mao walikuwa wakikamatana.

Inafaa kutua hapa. Sheria haikusema kuua tu, wala kupanga kuua tu. Ilitaja na kuwazia. Bila shaka wanasheria wana tafsiri yao ya neno hilo, na tafsiri hiyo hudai ithibati ya kitendo. Lakini kwa jinsi onyo lilivyopokewa na umma, maana yake ilikuwa pana: kufikiri juu ya kesho isiyo na mtawala wa leo ni hatari. Mwandishi wa historia mbadala hafanyi jingine ila hilo. Huwazia kiti kikiwa na mtu mwingine.

Na onyo hilo halikuwa la kwanza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kijitabu cha Kenya: Twendapi?, ambacho hata jina lake ni swali tu. Karama wa Kusadikika, naye, anashtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, na wakatiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kikoloni, Mkangi baada ya kuonja kizuizi cha utawala wa chama kimoja. Muundo waliouchagua ni mmoja. Pale ambapo kuwazia ni kosa, mawazo hayana budi kuhamia nchi isiyokuwa na polisi. Kusadikika imening'inia hewani. Walenisi iko kwenye sayari nyingine.

Katika Walenisi muundo huu umesogezwa mbele kwa kejeli kali. Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa adhabu ya kifo, na namna ya kumuua ni kumrusha angani ndani ya chombo. Yaani dola yenyewe ndiyo inayompeleka katika nchi ya kuwazia. Anapofaulu kukimudu chombo na kutua salama, adhabu imegeuka kuwa safari, na hukumu imegeuka kuwa elimu. Msomaji anayeyajua ya mwaka 1976 na 1986 hawezi kuukosa ujumbe: mtawala aliyekataza ubunifu ndiye aliyeuzaa.

Lau ya mwaka 1984

Hata hivyo, hofu ya sheria haitoshi kuwa jibu, kwa kuwa Afrika Mashariki ina nukta ya -ngali- iliyo wazi kabisa, ambayo watu huizungumza vibarazani bila ya kificho. Nukta hiyo ni mwaka 1984.

Mwezi Januari mwaka huo, katika kikao cha chama kilichofanyika Dodoma, Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Tanzania, alilazimika kujiuzulu kwa sababu ya mvutano juu ya muundo wa Muungano. Tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ambaye wengi walimtarajia kumrithi Mwalimu Nyerere, alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Katika muda wa miezi mitatu watu wawili waliokuwa karibu zaidi na kiti walikuwa wameondoka, mmoja kwa siasa na mwingine kwa ajali. Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika nafasi ya Jumbe Zanzibar na kuanza kulegeza masharti ya biashara huko, ndiye aliyeapishwa kuwa Rais wa Muungano Novemba 1985. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Februari 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967.

Ulinganifu na Urusi ya Kisovieti unashangaza. Yuri Andropov alifariki Februari 1984, baada ya kuongoza kwa miezi 15. Kama Sokoine, alijulikana kwa kampeni ya nidhamu na ya kupambana na ufisadi: kule wazembe wa kazi walisakwa mabarabarani na madukani; huku, mwaka 1983, walisakwa wahujumu uchumi, na sheria ya Nguvukazi ikawaandama wasio na ajira. Wote wawili waliamini kwamba mfumo ni mzima na kwamba maradhi ni ya watu. Chernenko akafuata Moscow, akafariki Machi 1985, na Gorbachev akashika usukani miezi minane kabla ya Mwinyi. Mwaka 1991, ule wa Azimio la Zanzibar, Muungano wa Kisovieti ulivunjika.

Hapa ndipo penye historia mbadala ya Kiswahili inayosubiri kuandikwa: lau gari lile lingalipita salama Dakawa. Je, mageuzi yangalianza mapema, lakini kwa fimbo badala ya ruksa? Au nidhamu ingaliongeza uhai wa mfumo kwa muongo mmoja tu, kisha ukaanguka kwa kishindo zaidi? Maombolezo ya Sokoine yalitungwa kwa wingi, kwa mashairi na kwa nyimbo. Riwaya ya lau haikuandikwa. Na kunyamaza huko si hofu tupu. Tungo za maombolezo humkamilisha marehemu. Humfanya asiwe na kosa. Historia mbadala hufanya kinyume chake: humrejesha duniani, humkabidhi kazi, na humtahini. Jamii inayompenda marehemu wake haikubali kwa urahisi apewe mtihani anaoweza kuufeli.

Nchi isiyokuwa na kiti

Turathi hizi mbili, hofu ya kuwazia na mapenzi ya kuomboleza, ndizo zinazotoa mwanga juu ya uamuzi wa kisanaa wa Mkangi. Hakuandika riwaya ya mrithi mwema, wala ya mageuzi ya mapema yaliyofanywa na mtawala mwenye busara. Alilikwepa suala la mrithi kwa kukiondoa kiti. Hoja yake yote imo ndani ya jina: wale ni sisi. Katika nchi za kawaida wako wale wanaotawala na sisi tunaotawaliwa, na urithi wa madaraka ni mabadiliko ya wale kwa wale. Sisi tunabaki palepale. Walenisi inadai kwamba umbali huo ukifutwa, hakuna cha kurithiwa.

Wahusika wanaompokea Dzombo wamepewa majina yanayoiendeleza hoja hiyo. Fikirini ni jina na ni amri, tena amri ya wingi. Haiamrishwi na mmoja kwa mmoja. Mtu-Binti anatajwa kwa utu wake kabla ya jinsia yake. Dzombo mwenyewe ana sauti ya dz, ambayo Kiswahili sanifu hakina na Kimijikenda kinayo. Mwandishi amewapa wenyeji wa sayari ngeni majina ya Kiswahili yanayoeleweka na kila mtu, na mgeni atokaye duniani akampa jina la nyumbani kwake.

Ubora wa uamuzi huu ni mkubwa. Riwaya ilitoka miaka minne baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti na miaka mitatu baada ya uchaguzi wa vyama vingi Kenya, wakati ambapo kusema usawa kulihesabiwa kuwa ni kusema jambo lililopitwa. Mkangi hakuomba radhi kwa niaba ya Moscow, wala hakuitetea. Aliliondoa wazo la usawa kutoka katika mikono ya waliolishikilia kama mali yao, akalirudisha katika sarufi: katika viwakilishi viwili ambavyo kila mtoto anavijua.

Lakini udhaifu nao umo humohumo. Riwaya ya mgeni anayetembezwa ina desturi yake: mwenyeji hueleza na mgeni hushangaa. Desturi hiyo inafaa sana kuonyesha namna watu wanavyoishi. Haifai kuonyesha namna wanavyopingana. Nguvu ya Walenisi imetumika zaidi katika kuyaeleza maisha ya usawa kuliko katika kuyaonyesha yakijaribiwa na mgogoro wa kukabidhiana majukumu. Na historia inaonya kwamba kukitangaza kiti kuwa hakipo si sawa na kukiondoa. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalifanywa kwa jina la wengi; uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar yenyewe haukufanyika hadi mwaka 1980. Kwa kuwa hapakuwa na njia iliyo wazi ya kumbadilisha kiongozi, Sheikh Abeid Amani Karume aliondolewa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, na waliotuhumiwa wakasombwa kwa wingi kutiwa gerezani.

Adam Shafi, katika riwaya ya Haini (2003), anaanzia pale Mkangi anapoishia. Katika riwaya hiyo, iliyojengwa juu ya tukio la 1972, mapinduzi yamekwisha kushinda, kiongozi ameuawa, na mhusika wake Hamza yumo gerezani akiteswa na dola iliyodai kuwa ni yake. Zikisomwa pamoja, riwaya hizi zinaulizana. Walenisi inaiuliza Haini: je, dhuluma hii haikuanza pale wale walipoacha kuwa sisi? Haini inajibu kwa kuuliza: na siku hiyo ilipofika, sisi tungalijuaje, na tungalifanya nini? Jibu la swali hili la pili halimo katika Walenisi, na msomaji mwaminifu anapaswa kuukiri upungufu huo bila ya kuidharau riwaya.

Ushahidi wa Barani

Ajabu ni kwamba jibu, au walau malighafi ya jibu, lilikuwa karibu na mwandishi. Pwani ya Barani, kutoka Kilifi hadi Malindi, ina hazina ya uzoefu wa urithi wa madaraka. Makaya ya Mijikenda yalikuwa na kambi, yaani baraza la wazee, na yalikuwa na marika. Madaraka hayakuwa ya mtu mmoja wala ya nyumba moja; yalikuwa ya rika, na rika lilikuwa na muda wake. Lililozeeka lilipisha. Huu haukuwa usawa kamili, kwa kuwa wanawake na vijana walikuwa na mipaka yao. Ila ulikuwa ni utaratibu, na ulijua kwamba watawala huzeeka.

Barani hiyohiyo ina mfano wa kinyume. Huko Takaungu, mwaka 1895, kilipotokea kifo cha Salim bin Khamis wa ukoo wa Mazrui, Waingereza walimuunga mkono mrithi waliyemtaka wao na kumpuuza mwingine aliyejiona ana haki zaidi. Vita vilivyofuata vilienea pwani na havikwisha hadi mwaka 1896. Hapo urithi ulikuwa wa nyumba, na mwamuzi alikuwa mgeni mwenye bunduki.

Upo pia mfano wa safari. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliowaongoza Wagiriama kuipinga serikali ya kikoloni mwaka 1913, walihamishiwa Kisii, mbali kabisa na kwao, kwa matumaini kwamba umbali ungewanyamazisha. Walitoroka, wakarudi. Mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Msomaji wa Barani anayekutana na Dzombo, mtu anayefukuzwa na dola hadi nje ya dunia, hahitaji kuifikiria fasihi ya kisayansi ya Ulaya ili amwelewe. Adhabu ya kuhamishwa anaijua, na anajua pia kwamba aliyehamishwa huweza kurudi na alichojifunza.

Na msomaji huyohuyo anayajua mageuzi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kiliuzwa na serikali katika miaka ya 1990 na baadaye kikafungwa. Kwa mkulima mwenye mikorosho yake, mjadala wa nani alimrithi nani katika ngazi za juu ulikuwa na maana moja tu: ni nani atakayenunua mavuno. Kama Mkangi angaliliweka rika ndani ya Walenisi, na kama angaliionyesha zamu ikibishaniwa, njozi yake ingalipata mfupa. Nchi isiyokuwa na kiti ingaligeuka kuwa nchi yenye kiti ambacho hakuna akaaye juu yake zaidi ya muda wake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uhaba wa historia mbadala katika fasihi ya Kiswahili una sababu za kisheria na za kihisia, na kwamba Walenisi inapaswa kusomwa kama jibu kwa sababu hizo. Riwaya ilikataa kuwazia kifo cha mtawala, ikawazia kifo cha utawala. Hilo ni jambo kubwa, na ndilo linaloifanya iendelee kusomeka baada ya mifumo iliyodaiwa kuwa kielelezo chake kwisha kubomoka. Lakini kwa kukifuta kiti, ililiacha wazi swali ambalo Dodoma ya 1984, Kisiwandui ya 1972 na Takaungu ya 1895 haziruhusu lifutwe. Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 na akabaki na uenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Hata mfano bora wa kukabidhi madaraka katika eneo hili haukukabidhi yote kwa siku moja.

Kazi iliyobaki si ya wahakiki peke yao. Ni ya waandishi watakaothubutu kuishika -ngali- na kuwarejesha marehemu wapendwa katika mtihani wa kazi, wakiwaonyesha wakikosea, wakisahihishwa, na wakipisha. Mkangi aliuliza kama wale wanaweza kuwa sisi. Anayemfuata ana wajibu wa kuuliza sisi tutapisha lini.